Chenye dirisha

Mdogo wangu aliniuliza swali jepesi. "Dada, ile safari yenu ya Asia iliwala kiasi gani?"

Nikalitoa daftari sandukuni. Lina jalada gumu la kijani, kona zimelegea kwa mvua za Vietnam, na ukilifungua bado linatoa harufu ya dawa ya mbu. Nikaketi na kikokotoo, nikaanza kujumlisha tangu ukurasa wa kwanza: Kolkata, India, Oktoba 2023. Miezi kumi mimi na mume wangu tumezunguka na mabegi mgongoni, na kila kikombe cha chai kimo humo. Mwandiko ni wangu mwanzo mpaka mwisho, wino mweusi, tarakimu zimenyooka safu kwa safu.

Nilipofika Laos, mkono ukasimama.

Chini kabisa ya ukurasa, baada ya mstari wa jumla, palikuwa na maneno matatu ya penseli. Mwandiko haukuwa wangu.

"Nilitaka chenye dirisha."

Muda wote ule sikuwahi kuyaona. Sikuwa na mazoea ya kurudi nyuma. Nikishapiga mstari wa jumla, nageuza ukurasa na wiki imekwisha. Mume wangu alikuwa chumba cha pili anapiga pasi shati lake. Ningemwita, nikamwuliza, mambo yakaishia palepale. Sikumwita. Nililirudisha daftari sandukuni, na kwa wiki sita nimekuwa nikilitoa na kulirudisha.

Sikuuliza kwa sababu jibu nililijua. Ukurasa ule una Pak Beng, mahali pa mtoni tulipolala usiku mmoja.

## Dola 40

Mpango wetu ulikuwa mwepesi kuutamka: dola 40 kwa siku, watu wawili, kila kitu humo isipokuwa ndege na viza. Siku 300, dola 12,000. Juu yake dola 2,000 za dharura, ambazo niliapa haziguswi mpaka mtu alazwe hospitali.

Anayesafiri peke yake huulizia bei ya kitanda. Wawili huulizia bei ya chumba, na hapo ndipo tulipopata nafuu yetu kubwa. Chiang Mai, Thailand, kitanda kwenye bweni la wasafiri kilikuwa baht 250 kwa kichwa. Chumba chenye feni na mlango wa kufunga, mtaa wa pili tu, baht 450. Bajaji nayo haipandishi nauli kwa sababu mmekaa wawili. Lakini tiketi, sahani na viza huzidishwa mara mbili bila huruma, na homa ikimshika mmoja, wote mmekwama siku tatu mnalipia chumba cha kuuguzana.

Nilijifunza na vijimbinu vingine. Thailand mashine za benki zilikuwa zinakata baht 220 kila nilipotoa pesa kwa kadi ya kigeni, nitoe kidogo nitoe nyingi. Kwa hiyo nilikuwa natoa kiwango cha juu kabisa na kutembea na bunda limefungwa tumboni kwa kitambaa. Nilikuwa nalala nalo.

Kitu ambacho sikukipangia ni nani atashika kalamu.

Nilishika mimi, na hatukuwahi kukubaliana hivyo. Siku ya kwanza Kolkata mume wangu alinunua maji, akasahau bei. Nikamwambia basi lete niandike mimi, na ikawa hivyo miezi saba. Anayeandika ndiye anayejua zimebaki ngapi. Anayejua zimebaki ngapi ndiye anayesema hapana. Na mwenzake, kidogo kidogo, anaacha kuomba.

## Nusu kitanda

Treni za India hujaa wiki kadhaa kabla ya safari. Vitanda vikiisha, wanaendelea kuuza tiketi za aina inayoitwa RAC: unaruhusiwa kupanda, unapewa pa kukaa, na kitanda utakipata kama kuna mtu ameghairi. Asipokuwepo, abiria wawili wa RAC wanagawana kitanda kimoja cha chini, kile cha pembeni mwa ujia. Njia nyingine ipo, tiketi za Tatkal, ambazo hufunguliwa siku moja kabla kwa nyongeza ya bei. Nyongeza hiyo sikuitaka.

"Si tuko wawili?" nilimwambia mume wangu. "Tutagawana sisi kwa sisi. Ni kama tumepata kitanda."

Howrah, stesheni ya Kolkata, hadi Varanasi, usiku kucha. Hakuna aliyeghairi. Mume wangu ni mrefu. Akinyoosha miguu inatokeza njiani, na kila muuza chai anayepita anaigonga. Tulikubaliana nilale mimi kwanza mpaka saa nane usiku, kisha tubadilishane. Niliamka kumeshapambazuka. Alikuwa amekaa wima, miguu yangu mapajani mwake, ameishika isianguke, anatazama mashamba kupitia nondo za dirisha.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

Niliandika: malazi, rupia 0. Asubuhi ile nilikuwa na furaha kwelikweli. Nimeusoma mstari huo mara nyingi wiki hizi, nikitafuta ile furaha iko wapi.

India ilinipa na kitu ambacho hakimo daftarini. Sokoni Varanasi mama mmoja alikuwa anamkaripia mwanawe, na katikati ya Kihindi nikasikia paisa. Pesa! Neno letu lilivuka bahari kutoka huku, pamoja na gari, na bima, na laki. Laki magazetini mwao wanaiandika kwa namna yake, mkato unakuja mapema: 1,00,000. Nilisimama mbele ya gazeti lile mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nanunua. Mimi niliyejiona mgeni wa kupindukia, hata pesa zangu nilikuwa nazihesabu kwa maneno yao.

## Sahani moja, mtu mmoja

Nepal, njia ya miguu ya milima ya Annapurna, Novemba. Kibali rupia 3,000 kila mmoja, hicho hakina mapatano. Baada ya hapo unapanda na bei zinapanda nawe. Sahani ileile ya dal bhat, wali na dengu na mboga, inaongezeka kijiji hadi kijiji, maana mchele umeletwa kwa gari, kisha kwa baghala, na pengine kwa mgongo wa mtu. Chumba ni karibu na bure, kwa sharti kwamba chakula cha jioni na cha asubuhi mle hapohapo. Jikoni ndiko wenyeji wanakopatia riziki.

Dal bhat unaongezewa mpaka ushibe. Nikaona mwanya. Kijiji kimoja chini ya Manang niliagiza sahani moja na vijiko viwili.

Mama mwenye nyumba alikuja na sahani mbili. Hakupandisha sauti. "Sahani moja, mtu mmoja," alisema kwa Kiingereza kichache, kisha akaelekeza kidevu mlangoni. Nje kijana alikuwa anashusha mtungi wa gesi. Alikuwa ameubeba mgongoni kwa utepe uliopita kwenye paji la uso, na alipouvua, utepe ulikuwa umeacha mfereji kwenye ngozi, mweupe katikati, mwekundu kingoni.

Mume wangu alimwomba mama yule radhi kwa niaba yetu wote wawili, akala, akanyamaza. Nililipa sahani mbili, nikaandika mbili, na pembeni nikaweka alama ya mshangao kama vile tumeibiwa. Alama hiyo bado ipo. Ni mahali pekee daftarini ambapo naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Kipito cha Thorong La, pa juu kabisa pa njia ile, hatukukifikia. Manang, mita 3,540, kichwa kilimwuma mume wangu usiku kucha na chakula hakikupita, asubuhi tukageuza. Kipito kiko mita 5,416. Kugeuza huko sikujutii hata chembe.

## Pak Beng

Kutoka Huay Xai, mji wa mpakani wa Laos, boti ya polepole inashuka mto Mekong siku mbili mpaka Luang Prabang. Viti vyake vimeng'olewa kwenye magari ya abiria na kupangwa tu sakafuni, kwa hiyo ukitaka kumpisha mtu unasogeza kiti kizima. Ilikuwa Machi. Wakulima walikuwa wanachoma mashamba, na moshi ulikuwa umeshuka mpaka majini, milima ikawa kama imechorwa kwa majivu. Boti inasogea penye mchanga mtupu, mama anashuka na gunia na mtoto, anakwea kilima, na nyumba huioni. Siku ile niliipenda kuliko zote za safari. Sikuhesabu kitu tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Jioni boti inalala Pak Beng, nawe unalala Pak Beng, hakuna pengine. Ni barabara moja inayokwea kutoka gatini. Wenye gesti wanasubiri chini, mikononi wana picha za vyumba zilizofunikwa plastiki.

Kijana mmoja alituonyesha vyumba viwili. Cha juu kilikuwa kip 160,000: kitanda, neti, na dirisha la mbao linalofungukia mtoni. Mume wangu alilisukuma, likagoma, akalisukuma tena kwa kiganja, likafunguka. Akaweka viwiko pale. Chini boti zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, na nahodha wetu alikuwa anaoga kwa kopo, amejifunga kikoi. Cha nyuma kilikuwa kip 100,000: kuta nne, kitanda, feni.

Tofauti haifiki dola 3.

"Ni usiku mmoja tu," nilisema. "Asubuhi tumeondoka. Dirisha la nini gizani?"

Aliondoa viwiko. "Sawa, bibie."

Cha nyuma kilikuwa tanuri. Feni ilizungusha moshi uleule kutoka ukuta hadi ukuta. Usiku wa manane mume wangu alitoka akaenda kukaa ngazini. Nilisikia mlango, nikajifanya nimelala. Asubuhi niliandika kwa herufi kubwa: TUMEOKOA KIP 60,000.

Na kip yenyewe ina habari yake, ambayo inanichoma kuliko joto la usiku ule. Katikati ya 2021 dola moja ilikuwa chini ya kip 10,000. Tulipofika sisi ilikuwa imepita 20,000. Wasafiri botini walikuwa wanaisema kama habari njema: siku hizi Laos ni rahisi. Nami niliisema. Lakini kijana yule wa gesti, kile alichoweka akiba kabla ya hapo kilikuwa kimekatika nusu, na mafuta ya pikipiki yake yanatoka nje ya nchi. Palepale alipokuwa anapoteza, mimi nilikuwa navuna. Na bado nikachukua chumba cha nyuma.

Hapa kila siku nakata shauri na kulitangua.

Wapo wanaosema mgeni alipe anachotajiwa bila neno. Siwaafiki moja kwa moja. Sokoni kupatana bei ni maongezi. Asiyepatana anaonekana ana haraka, au ana dharau, na muuzaji aliyekuwa anataka kukuuliza watoto wako wangapi anakupa mfuko na kugeukia mteja mwingine. Luang Prabang nilipatana na bibi mmoja juu ya kitambaa cha kusuka kwa mkono tukaishia kuchekeana mpaka akanikalisha kwenye kigoda chake. Lakini kuna mahali kupatana kunageuka kuwa kukamua, na wote wawili mnapahisi papohapo, yeye usoni, wewe tumboni. Mimi nilipahisi mara nyingi nikaendelea, kwa sababu safu ya tarakimu ingependeza zaidi jioni.

Ukurasa uleule una na vitu vingine: ndizi, sabuni, nauli ya bajaji, maji, tiketi mbili za treni ya Luang Prabang hadi Vientiane, mji mkuu. Reli hiyo inayotokea China ilifunguliwa Desemba 2021, na siku nzima ya barabara ya milimani imekuwa safari ya saa mbili hivi. Nilikuwa nimechoka, nikalala karibu njia yote, kichwa kwenye kioo. Juu yake sina la kusimulia.

## Noti mbili za buluu

Noti ya dong 20,000 ya Vietnam ni ya buluu. Noti ya dong 500,000 nayo ni ya buluu. Zote za plastiki, zote zina uso wa Ho Chi Minh. Ya kwanza haifiki dola moja. Ya pili ni kama dola 20, nusu ya siku yetu.

Hanoi, Aprili, manyunyu. Nilikuwa nanunua mikate miwili ya banh mi kwa mama mmoja mwenye mkokoteni, 20,000 kila mmoja, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaowahi kazini. Nikampa noti mbili za buluu.

Alizitazama. Akaitoa moja, akaiinua mbele ya macho yangu, na kwa ukucha wa kidole chenye mafuta akagonga sifuri moja baada ya nyingine. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha akaikunja, akaiweka kiganjani mwangu, akakifumba kiganja changu kwa mkono wake na kukibana. Akamwambia mume wangu maneno fulani ya Kivietnamu, foleni nzima ikacheka, naye akacheka nao. Mimi magoti yalikuwa yanatetemeka.

Miezi saba nilikuwa namwona mume wangu hafai kuaminiwa hata na bei ya maji.

Usiku ule nilifungua kile kitambaa cha tumboni nikagawa bunda mara mbili, sawa kwa sawa. Yeye ndiye aliyeleta wazo la pili: kila mmoja apate dong 100,000 kwa siku ambazo haziandikwi wala haziulizwi. Nilikubali kwa shingo upande. Wiki ya kwanza nilikuwa nachungulia mifuko yake. Wiki ya pili nikaacha, kwa sababu alianza kurudi na habari. Alikuwa amenyolewa kando ya barabara, kioo kimetundikwa ukutani, na kinyozi alikuwa amemsafisha na masikio bila kuulizwa. Alikuwa amekunywa kahawa ya yai, povu zito juu, akaenda tena kesho yake na kunichukua. Siku moja alileta embe moja, kubwa, limefungwa gazeti, akalimenya kitandani kwa kisu kidogo, na sikumwuliza bei mpaka leo.

Viza ya Vietnam ya mtandaoni, tangu Agosti 2023, inaweza kukupa siku 90, nasi tulizimaliza karibu zote. Daftari likawa jepesi. Wastani wetu ukapanda kutoka 40 hadi 44, baadaye 46. Nikaingia kwenye zile za dharura. Hakuna aliyelazwa.

## Dola 10

Siem Reap, Cambodia, Julai. Tiketi ya kuingia Angkor, kwenye mahekalu ya kale ya mawe: siku moja dola 37, siku tatu 62, siku saba 72. Kwa wawili, hata ile ya siku moja inameza karibu siku mbili za bajeti. Yule mimi wa Kolkata angenunua ya siku moja, akamwamsha mumewe saa kumi alfajiri, akamkimbiza kutoka hekalu hadi hekalu mpaka giza liingie.

Dirishani pa tiketi nilipiga hesabu kwa sauti. Kutoka siku tatu hadi saba ni dola 10 kwa siku nne. Ni dola mbili na nusu kwa siku.

Mume wangu alinigeukia. "Leo umehesabu kwa upande wangu."

Tukanunua za siku saba. Haziishi kwa mfululizo. Una mwezi mzima wa kuzitumia. Siku nyingine tulikwenda saa moja tu, mvua ikanyesha, tukarudi. Hekalu la Preah Khan tulilirudia mara tatu. Mahekalu yale yana madirisha ya ajabu: uwazi wa mraba, na ndani yake nguzo fupi za mawe zilizochongwa kwa pete-pete, kama mbao zilizokerezwa, ila ni jiwe. Mwanga unapita katikati na kulala sakafuni kwa mistari. Mume wangu aliketi mbele ya dirisha moja la namna hiyo muda ambao sikuupima, mikono magotini, anaangalia mvua ikidondoka kwenye mizizi ya mti.

Nilipokuja kuona yale maneno ya penseli, picha hiyo ndiyo iliyonijia. Nikasema, basi ni hilo. Mtu niliyemnyima dirisha la dola 3 alikuwa amekaa mbele ya dirisha la mawe na mimi sikujua anakumbuka nini.

Jumla, kwa ajili ya mdogo wangu: dola 13,160. Nimeshamtumia.

## Nikauliza

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, niliweka daftari mezani, limefunguliwa palepale.

"Hii uliandika lini?"

Alivaa miwani. "Aa. Vientiane. Ulikuwa unaoga."

Nikasema yote. Nilikuwa nimeyapanga wiki sita. Joto, feni, kip 60,000, viwiko vyake dirishani, mlango niliousikia usiku nikajifanya nimelala. Nikamwomba msamaha kwa Pak Beng, na kwa nusu kitanda cha Varanasi, na kwa sahani ya mama wa Nepal. Sauti ilinikatika mara mbili. Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Pak Beng," alisema taratibu. "Chumba cha nyuma. Kweli, kilikuwa na joto. Lakini ngazini palikuwa na upepo, na yule kijana alileta chai. Tulikaa mpaka saa nane. Alinifundisha kuhesabu mpaka kumi kwa Kilao." Akahesabu, neng, song, sam, akakwama kwenye sita.

"Lakini umeandika ulitaka chenye dirisha."

"Kiti."

Sikuelewa.

"Kiti, siyo chumba. Kwenye treni."

Chumba chenye dirisha. Kiti chenye dirisha. Kwa wiki sita nimeisoma ile *chenye* na haikunipitia kichwani kwamba inaweza kuwa ya kitu kingine.

Viti vyetu vilikuwa viwili, vimeshikana, bei moja. Havikuwa na tofauti hata ya kip moja. Nilitangulia kupanda, nikaingia ndani, nikakaa dirishani, na treni haijatoka stesheni nikawa nimelala. Sikumwuliza unataka wapi. Halikuwa jambo la pesa, kwa hiyo halikunijia kwamba ni jambo.

"Si ungeniambia tubadilishane?"

"Ulikuwa umelala."

Nilikaa nimeinamia lile daftari. Yeye aliinuka akatoa vyombo, akarudi, akakuta nimekaa vilevile, akavuta kiti akaketi karibu yangu. Nikamwuliza aliona nini.

Sehemu kubwa ya njia ile iko chini ya milima, aliniambia, handaki baada ya handaki, kwa hiyo alikuwa ananyoosha shingo juu ya kichwa changu na kungoja. Alivua miwani, akaweka kiganja pembeni ya jicho kama mtu anayekinga mwanga.

"Kwanza giza," alisema. "Refu. Halafu mto, mdogo tu, na nyati watatu wamelala majini mpaka shingoni. Nikataka kukuonyesha, giza likarudi. Halafu…"